Aendaye kwa Miguu Usiku na Usawa wa Sheria

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na ndugu zangu nyote, asanteni kwa kunialika.

Tunapouliza kama sheria inawahusu watu wote sawasawa katika nchi mbalimbali, aghalabu tunatazama juu. Tunakumbuka kwamba Juni 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimhukumu rais mstaafu Jacob Zuma kifungo cha miezi 15 kwa kuidharau mahakama. Hapa kwetu Uganda, ibara ya 98 ya Katiba ya 1995 inamkinga rais asishtakiwe maadamu yuko madarakani. Hayo yana uzito wake, lakini naomba tutazame chini, kwa mtu anayetembea kwa miguu usiku, kwa kuwa huko ndiko ibara ya 21, inayotamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria, inakopimwa kila siku.

Kwa miaka mingi kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu kilimwezesha polisi kumkamata yeyote aliyeonekana akizurura barabarani au karibu na jengo katika saa na hali zilizomfanya adhaniwe kuwa na nia mbaya. Hakuhitajika mlalamikaji wala kitu kilichoibwa. Fikirini saa nne usiku katika mtaa mmoja wa Kampala: mama aliyekuwa akiuza gonja, ndizi za kuchoma, anarudi nyumbani, sigiri yake ingali na joto ikining'inia mkononi, na kando yake linapita gari la mtu atokaye baa. Wote wawili wako njiani saa ile ile, ila anayesimamishwa na kuulizwa atokako na aendako ni mmoja, na jibu lake lisipomridhisha askari, hupakiwa. Nasema hupakiwa kwa makusudi, kwani wazee waliomo humu wanaikumbuka "panda gari" ya miaka ya 1980, misako ambayo askari waliwakamata raia na kuwaamuru wapande malori, na inaniuma kwamba wapo waliokutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza katika amri hiyo.

Kifungu hicho hakikuzaliwa hapa. Asili yake ni sheria za Uingereza dhidi ya uzururaji, hasa ile ya 1824, iliyotungwa wakati barabara za huko zimejaa mafukara, wakiwemo askari waliorudi vitani wakakosa kazi. Wakoloni wakaieneza, ndiyo maana maskini wa Malawi na wa Uganda walikamatwa kwa maneno yanayokaribia kuwa yale yale. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilikibatilisha kifungu cha kwao katika kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kazini. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Desemba 2022 Mahakama yetu ya Katiba ikavifuta vipengele viwili vya kifungu cha 168.

Hukumu hiyo, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na yule mama hajaisoma. Ninyi mnaosoma sheria na mnaojua Kiswahili, nawasihi mwifasiri, muipeleke masokoni na kwenye steji za bodaboda, ili atakaposimamishwa tena aweze kujibu kwa jina la mahakama yake.