Nimekwama Ndani ya Kitreni, Ngoja Niwasimulie Walivyokigombania

Mbukwenyi watu wangu! Wazee wote wa Dodoma mnaonitazama, shikamooni. Wengine, mambo vipi? Leo sipo jikoni wala sipo kwenye theluji. Nipo ndani ya treni ya mjini hapa Cincinnati, jimbo la Ohio, na treni yenyewe haitembei. Subirini nigeuze kamera. Mnaliona lile gari jeupe pale mbele? Limepaki juu ya reli. Mwenye gari kawasha taa za dharura, kabeba maboksi, kaingia zake dukani. Dereva wetu anagonga kengele, ting ting ting, hana jingine la kufanya, maana treni haina usukani wa kukwepea. Abiria wote kimya, kila mtu na simu yake. Hapo kwetu konda angeshashuka kitambo, na wapita njia sita wangeshalinyanyua hilo gari likawekwa pembeni.

Basi na mimi natumia nafasi. Juzi mjomba wangu wa Ipagala kanitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama mahubiri ya Pasaka. Anasema, "We mtoto, SGR tunayo, asubuhi niko Dodoma mchana nakula samaki Feri. Jiji tumeshakuwa. Hiyo treni inayopita katikati ya magari huko kwenu, sisi tutaipata lini?" Mjomba, shikamoo. Majibu yako ndiyo haya, tafuta kiti.

Kwanza mjue hii reli ni fupi. Mzunguko mzima ni maili 3.6, kama kilomita 5.8 hivi, na imenunuliwa mabehewa matano tu. Inaanzia chini kule kwenye viwanja vya michezo kando ya Mto Ohio, inapanda katikati ya mji, inaingia mtaa unaoitwa Over-the-Rhine, inapita Soko la Findlay, kisha inageuka kurudi. Imekwisha. Ukiiweka Dodoma, unatoka Majengo, hujafika mbali umesharudi Majengo. Lakini mgogoro wake! Huu mji umepigana miaka na miaka kwa ajili ya kilomita tano na ushee. Nilipofika hapa nikadhani watu wana wazimu. Siku hizi nawaelewa.

Meya aliyeibeba anaitwa Mark Mallory. Wapinzani wakasema, mji una madeni, mabasi yenyewe hayatoshi, mnatuletea mdoli wa kuchezea. Wakakusanya saini wakaupeleka mradi kwenye kura ya maoni. Na hapa nielewane na ninyi, sisemi zile kura za maoni za ndani ya chama, mnazozijua wenyewe na kanga zake. Nasema mwananchi wa kawaida anaingia kituoni kupigia kura mradi. Walifanya hivyo 2009, wapinzani wakashindwa. Wakarudi tena 2011, wakashindwa tena. Kichekesho ni kwamba swali lilivyoandikwa, ukiitaka treni unapiga hapana, usipoitaka unapiga ndiyo. Mama mmoja wa hapa, mzee, tuko naye kanisa moja, aliniambia mpaka leo hana hakika alipiga nini.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ndiyo roho ya habari hii. Mpango wa mwanzo reli ilikuwa ipande kilima, ifike juu kwenye chuo kikuu na hospitali kubwa. Huko ndiko kwenye maelfu ya wafanyakazi na wanafunzi. Mwaka 2011 gavana mpya wa jimbo, John Kasich, akaondoa fedha za jimbo, zaidi ya dola milioni 50. Fungu likapungua, wakakata njia. Na walikata nini? Walikata kilima. Kikabaki kipande cha chini, cha kuzunguka katikati ya mji, penye ofisi kubwa, viwanja vya mpira na majengo yanayokarabatiwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini kipande hicho ndicho kilichopona, ujue Over-the-Rhine ni mtaa gani. Walijenga wahamiaji wa Kijerumani karne ya kumi na tisa, majumba ya matofali yamebanana, viwanda vya bia kila kona. Zamani kulikuwa na mfereji wa maji hapa, wao wakautania kwa jina la mto wa kwao, Rhine. Ukivuka mfereji umevuka Rhine. (Na sisi Wajerumani walituachia reli ya kati, inapita pale pale Dodoma mjini. Hawa watu walikuwa hawatulii.) Wajerumani wakahama, wakabaki Weusi maskini. Mwaka 2001 polisi alimuua kijana mweusi mtaa huu, mji ukawaka moto siku kadhaa. Miaka miwili baadaye makampuni makubwa ya mji yakaunda shirika la kuendeleza katikati ya mji, linaitwa 3CDC. Likanunua nyumba moja baada ya nyingine, likakarabati, likatengeneza upya bustani ya Washington Park, migahawa ikafunguliwa. Na kodi? Acha tu. Chumba ambacho dada mmoja wa Kikongo ninayefanya naye kazi alikipanga zamani mtaa huu, leo hawezi hata kukisogelea. Anaishi mbali, nje ya mji.

Kwa hiyo watu wa hapa walipokuwa wanagombania reli, asilimia kubwa ya maneno yalikuwa reli, reli, gharama, nauli. Mimi nasema ugomvi wenyewe ulikuwa katikati ya mji ni pa nani. Reli haihamishwi kama kituo cha daladala. Ukishaizika kwenye lami umemwambia mwenye fedha, jenga hapa, hatutakukimbia. Ndiyo maana wenye majengo waliipenda. Na ndiyo maana watu wa vitongoji vya pembeni, mzungu kwa mweusi, waliichukia. Walijua haiwafikii.

Eh, yule bwana katoka dukani. Hapana, siye. Tuendelee.

Mwaka 2013 uchaguzi wa meya. John Cranley anasimama, anasema waziwazi, nikiingia naifuta. Anashinda. Reli zimeshaanza kulazwa, mabehewa yameshaagizwa! Desemba, baraza jipya likasimamisha ujenzi. Madiwani wa hapa ni tisa tu, mji mzima, na meya anachaguliwa na wananchi wenyewe. Siyo kama kwetu, madiwani ndio wanamchagua meya kati yao na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Basi wakaleta wakaguzi wapige hesabu: kumaliza ni kiasi gani, kufuta ni kiasi gani. Kumbe kufuta nako ni bei! Mkandarasi analipwa, mikataba inalipwa, na serikali kuu ya Washington ilikuwa imetoa karibu dola milioni 45 ikasema, mkifuta, zetu zinarudi. Kukatokea taasisi ya hisani ikaahidi mpaka dola milioni 9 kusaidia kuiendesha. Wakereketwa wakaanza kukusanya saini upya kwenye baridi ya Desemba, baridi ambayo ukipiga chafya inaganda.

Tarehe 19 Desemba 2013 wakapiga kura. Madiwani wawili walioonekana wako upande wa meya wakageuka. Sita kwa watatu, na kwa sita meya hana veto, hawezi kuukataa uamuzi wao. Reli ikaendelea. Gharama yote ikaja kama dola milioni 148. Septemba 2016 ikaanza kubeba watu, mwaka ule ule Dar walioanza mwendokasi wa Kimara.

Mnataka kujua ikawaje? Miaka ya mwanzo ilikuwa aibu. Abiria wachache kuliko walivyotabiri, mashine za tiketi zinasumbua, mabehewa yanaharibika, na magari kama hili jeupe yanalala juu ya reli. Wapinzani wakacheka sana. Halafu 2020 wakafuta nauli. Ni bure, unapanda tu, hakuna konda hakuna kadi. Watu wakarudi, mwaka 2023 abiria walivuka milioni 1. Siku ya mpira inajaa mpaka mlangoni. Sasa nani alikuwa na haki? Mwenye mgahawa hapa Over-the-Rhine atakwambia treni. Mimi naishi Price Hill, magharibi kule mlimani. Nikitoka kazini napanda hiki kitreni cha bure vituo vichache, kisha nashuka nangoja basi la kulipia. Basi ndilo linalonifikisha nyumbani. Mwaka 2020 wilaya ilipiga kura kuongeza kodi ya mauzo kwa ajili ya mabasi, ikapita kwa kura kiduchu sana. Hapakuwa na mbwembwe za kuizidi treni, lakini usiku wa manane ile kodi ndiyo inayonileta kwetu.

Mjomba, sasa tuje nyumbani.

Nilishangaa nilipotazama hesabu. Sensa ya 2022 Jiji la Dodoma lina watu 765,179. Mji huu wa Cincinnati, ndani ya mipaka yake, sensa yao ya 2020 haifiki hata 310,000. Ukiongeza miji ya jirani wanafika milioni mbili na zaidi, hilo sawa. Lakini jiji kwa jiji, ninyi ni wakubwa mara mbili. Kwa hiyo hoja ya "sisi ni kamji" siikubali tena.

Ninachokataa ni swali la "lini". Dodoma imeulizwa "lini" tangu 1973, makao makuu yanahamia lini, mpaka ikawa utani. Swali lililotutesa lilikuwa jingine. Ule mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada, ulitaka mji wa watu kutembea kwa miguu na kupanda basi, siyo mji wa magari. Umeuona huo mji? Wengi wetu tuliujua mpango kwa njia ya CDA, ile mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, viwanja na hati za miaka 33, mpaka Rais Magufuli akaivunja CDA mwezi Mei 2017 na kazi zake zikaenda manispaa. Aprili mwaka uliofuata tukawa jiji. Mipango haijawahi kutupungukia. Kilichopungua ni mtu wa kawaida kuuona mstari kwenye ramani kabla mzee wa bulldoza hajauona.

Nakumbuka shangazi yangu alikuwa anauza chai na chapati kwenye stendi ya zamani ya mabasi ya mikoani. Stendi ikahamia Nzuguni, kubwa, nzuri, choo kisafi, sina ubishi. Lakini yeye wateja wake hawakuhamishwa naye. Alifuata Nzuguni, nauli ya kwenda na kurudi ikamla faida, akaishia kuuza barafu nyumbani. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Mstari ulisogea, yeye hakujua unasogea wapi. Machinga waliotoka barabarani wakaenda soko la wazi la Barabara ya Bahi wana hadithi zao pia, wengine nzuri, wengine mnieleze wenyewe hapo chini.

Kwa hiyo siku mtakapoletewa picha za kompyuta, treni nyeupe, miti ya kijani ambayo Dodoma haijawahi kuiona, vijana wazungu wanatembea Nyerere Square, msiulize rangi ya behewa. Ulizeni inapita wapi. Kama inazunguka Nyerere Square, bungeni na hoteli, hiyo ni Cincinnati. Watumishi wako Mji wa Serikali Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini. Wauguzi, walinzi, wafagiaji, wapishi wao wanalala Nkuhungu, Chang'ombe, Veyula. Nani anawaunganisha hawa? Leo ni daladala na bajaji, na foleni ya kwenda Mtumba asubuhi mnaijua kuliko mimi. Mimi ningeanza na basi lenye njia yake peke yake, gari la mtu likiingia linapigwa faini hapo hapo. Basi ukikosea njia unaibadilisha wiki ijayo. Reli ukikosea, unaitazama mpaka uzeeni. Na diwani aliyeipitisha awe ametoka mtaani kwenu, mkamuuliza kwenye mkutano wa hadhara, siyo mkaione kwenye uzinduzi.

Haya, tunaondoka! Mwenye gari karudi, kashika kahawa, kapunga mkono. Hata samahani hakuna. Mnaona hii barabara pana tunayoikatiza? Inaitwa Central Parkway. Ndiyo ulipokuwa ule mfereji. Waliukausha, miaka ya 1920 wakachimba handaki la treni ya chini ya ardhi, fedha ikaisha njiani. Handaki lipo mpaka leo hapa chini yetu, na vituo vyake, haijapita treni ya abiria hata moja. Miaka mia sasa. Na tramu za zamani, yaani vitreni vya barabarani kama hiki, walikuwa nazo mji mzima, wakazing'oa zote, ya mwisho 1951. Halafu wakazirudisha kwa ile dola milioni 148. Wamarekani hao.

Nashuka hapa. Ila kabla basi langu halijafika, nimechora na mimi njia yangu. Jana usiku, kwenye karatasi ya bahasha. Nkuhungu, Majengo sokoni, Nzuguni stendi, Ihumwa, Mtumba. Mstari umenyooka kama rula, nikaupenda kweli. Kisha nikafungua ramani ya satelaiti kwenye simu nione unapita juu ya nini.

Mjomba, lile banda lako la kuku hapo Ipagala, lina hati?