Kiungulia na chakula cha usiku: mhadhara kwa wachuuzi wa soko la Kadutu, Bukavu

Wamama, wababa, jambo kwenu. Asanteni kwa kufunga meza zenu mapema. Nimeombwa niseme juu ya kiungulia, ule moto unaotoka chembe cha moyo ukapanda hadi kooni, na yale maji machachu yanayokujia mdomoni ukiinama kuokota ndoo.

Hapa Bukavu mtu akisikia moto huo anasema ni gastriti, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo, anakimbilia farmasi, anarudi na antibiotiki. Inaniuma sana kuona pesa ya minerval, yaani karo ya shule ya mtoto, inaishia hapo. Antibiotiki ina kazi yake kwenye vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria Helikobakta pilori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliomgundua, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kiungulia hakitokani na bakteria huyo.

Tumbo linatengeneza asidi kali ya kuyeyusha chakula na kuua vijidudu, na ute unaukinga ukuta wake. Umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Mahali unapoungana na tumbo kuna msuli wa mviringo: unafunguka ukimeza, kisha unajikaza. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi inapanda na kuunguza.

Sasa tutazame siku yetu. Asubuhi chai na ndazi, mchana hakuna kitu. Maharagi yanakaa kwenye mbabula hadi saa tatu usiku, halafu unakuja mlima wa bugali, sombe yenye mawese, sambaza za kukaanga. Nusu saa baadaye mtu amelala chali. Tumbo limejaa, mafuta yanachelewesha chakula kushuka, na asidi inatambaa kwenye umio usiku kucha. Ndiyo maana wengine wanaamka na kikohozi kikavu au sauti iliyokwaruza, wanatibiwa kifua miezi mingi, na hakuna aliyewauliza wanakula saa ngapi.

Kati ya kula na kulala yapite masaa matatu. Mama anayefika nyumbani usiku ataniambia haiwezekani, na ana haki. Basi ule bugali wako hapa sokoni mchana, usiku ule kidogo. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kipande hicho kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakutoshi, kunakunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Bia, kasiksi (pombe ya ndizi) na sigara vinalegeza ule msuli. Unene wa tumbo na kitenge kilichokazwa kiunoni vinalikamua tumbo kwenda juu. Pilipili haimuunguzi kila mtu, kwa hiyo kila mmoja ajipime.

Upande wa dawa, nataka tuelewane vizuri juu ya omeprazoli. Wengi wenu mnaimeza baada ya kula, tena siku ile tu moto unapowaka. Dawa hii inafunga mitambo ya asidi inayoamshwa na chakula, kwa hiyo lazima itangulie: asubuhi, nusu saa kabla ya kula, kila siku, kwa kawaida wiki 4 hadi 8 kama munganga alivyoandika. Vidonge vya kutafuna vya kuzimua asidi vinatuliza haraka, lakini haviponyi umio uliochubuka. Na zile ibuprofeni na diklofenaki mnazomeza kwa ajili ya mgongo uliochoka kubeba mizigo zinachubua tumbo na zinaweza kuzidisha moto huohuo.

Wajawazito msiogope: homoni zinalegeza msuli, mtoto anasukuma tumbo, na kwa wengi hali hiyo inaisha wakishajifungua.

Lakini chakula kikikwama ukimeza, au mwili ukipungua bila sababu, nenda hospitali, usinunue kidonge kingine. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibana, maumivu yakashuka mkononi na jasho likakutoka: huo unaweza kuwa moyo.

Niliomba kila mtu aje na dawa anazotumia nyumbani. Zitoeni sasa, tuzisome pamoja, wazee watangulie.