Kabla ya Kuuliza Bei, Nusa Ndoo
(Mazungumzo na wapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, Marangu)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya plastiki vya kuchachushia pombe. Kupika mbege sitawafundisha. Nikianza hilo hapa Marangu mtanizomea, na mtakuwa na haki. Nilichonacho mimi ni kwamba kabla ya kuanza kupika pombe nilifanya kazi kiwandani, kiwanda cha ndoo. Nimeiona ndoo ikizaliwa.

Bibi zetu walitumia vyombo vya mti na mitungi. Plastiki imevishinda kwa sababu ni nyepesi, haipasuki ikianguka, na bei yake inashikika. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na chombo kisichojulikana kilikotoka.

Geuzeni hizo ndoo mlizokuja nazo, tazameni kitakoni. Mnaona pembetatu ya mishale yenye namba ndani? Alama hizo zilianza Marekani mwaka 1988, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaoyeyusha plastiki upya kutenganisha aina moja na nyingine. Namba 2 ni HDPE, ile plastiki ngumu yenye mguso kama wa nta. Namba 5 ni polipropilini. Hizo mbili zinatufaa. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji. Nayo inakubalika, ila ukiimiminia uji wa moto inajikunja, kwa sababu ikifika nyuzi 70 hivi huanza kulegea.

Sasa mama mmoja ameninong'oneza hapa kuwa ndoo yake ina namba 2, kwa hiyo yuko salama. Mama yangu, hata ndoo ya rangi ya ukuta huwa na namba 2! Namba inataja aina ya plastiki tu. Haisemi jana ilibeba nini. Ukitaka alama ya chakula, tafuta picha ya bilauri na uma. Ikikosekana, muulize muuzaji hiyo ndoo ilikuja na nini ndani. Akianza kutazama juu, ondoka.

Na hizi nyeusi? Niwaambie ya kiwandani. Punje mpya za HDPE ni nyeupe kama maziwa yaliyochujwa. Mabaki yaliyookotwa huja ya kila rangi, ukiyayeyusha pamoja unapata rangi ya tope, na dawa ya tope hilo ni kutia weusi. Kwa hiyo ndoo nyeusi ya bei rahisi mara nyingi ni mkusanyiko wa vitu ambavyo hata aliyeitengeneza hawezi kukutajia. Ibaki bustanini.

Mapipa ya bluu ya lita 200 yanahitaji maneno zaidi, maana najua mnayapenda. Plastiki ya HDPE hunywa harufu na mafuta, na ilichokunywa inakirudisha polepole, hasa ukitia kitu chenye asidi na kilevi. Mbege ina vyote viwili. Pipa lililobeba sharubati ya kiwandani utalisafisha likubali. Lililobeba dawa ya mashamba au kemikali ya kiwanda cha ngozi halisafishiki, hata uliloweke kwa majivu mwezi mzima. Usipojua lilibeba lipi kati ya hayo, lihesabu kuwa ni la pili.

Dumu je? Dumu ni la kubebea. Tazama mpini wake: una uwazi ndani, na pombe inaingia humo. Mkono wako hauingii, brashi haiingii. Masalia ya nyalu, zile ndizi zilizopikwa na kuchachushwa, ya wiki iliyopita yanakaa mle yakisubiri mapya, halafu tunashangaa pombe imekuwa siki siku ya pili. Chombo cha kuchachushia kiwe na mdomo mpana, bega lipite.

Nami nililitumia dumu, nisijifanye mwema. Nilijaza maji ya ndizi mpaka shingoni, nikakaza kifuniko, nikaenda kanisani. Niliporudi dumu lilikuwa limevimba, limesimama kama mama mja mzito. Kwa ujinga nikafungua. Ndizi zilifika darini, na alama ipo mpaka leo. Kilo 2 za sukari zikichacha zote zinatoa karibu kilo 1 ya gesi, ambayo ni zaidi ya lita 500. Zitakaa wapi ndani ya dumu la lita 20? Kwa hiyo acha robo ya ndoo wazi, na kifuniko kiegeshe tu, au funga kitambaa safi kwa kamba. Kitambaa kinazuia wale vinzi wa ndizi, ambao miguuni wanabeba vijidudu vya siki.

Kuosha. Stilwaya iacheni kwenye sufuria. Mkwaruzo usiouona kwa macho ni nyumba ya vijidudu, na sabuni haifiki humo. Tumia sponji laini. Ukitumia dawa ya klorini, suuza mpaka harufu iishe, la sivyo pombe itanukia hospitali. Na usiichanganye kamwe na siki, inatoa hewa ya sumu. Ndoo ikishakwaruzika sana, ishushe cheo, iwe ya kutekea maji. Ndoo ya kuchachushia haidumu kama pipa la mti, na bei ya mpya ni ndogo kuliko pombe ya siku moja iliyomwagwa.

Mso, yaani uji wa ulezi, nao uache upoe kwanza. HDPE haiyeyuki kwa maji ya moto, lakini moto unaifanya ndoo iachie haraka zaidi kile ilichokinywa.

Basi, kazi. Nina ndoo tatu hapa, zote nyeupe, zote namba 2, zote zimeoshwa vizuri. Jana usiku nilitia maji ya uvuguvugu nikazifunika mpaka asubuhi. Moja ni mpya, moja ilikuwa ya achari, moja sisemi. Zipitisheni mkono kwa mkono, fungua, nusa, funika, mpe jirani. Mzee, anza wewe. Hiyo ya kushoto... ee, naona uso umeshajibu.