Karatasi, bati na utumbo: mhadhara kuhusu jiometri ya vitu vyembamba

Walimu wangu, wanafunzi, na ninyi nyote mliofika jioni hii, karibuni na ahsanteni kwa kuja.

Kila mmoja ana karatasi aliyopewa mlangoni. Ni A4 ya kawaida, ile ya fotokopi, unene wake kama milimita 0.1. Ishikeni kwa upande mfupi, muinyooshe mbele yenu. Imelala, sivyo? Haibebi hata uzito wake yenyewe. Sasa ishikeni palepale, ila mkandamize katikati kwa kidole gumba mpaka upande ulioshikwa ufanye kijimfereji. Imenyooka. Naona pale nyuma kuna dada ameiwekea kalamu juu na bado imetulia. Hatukuongeza gundi wala unene. Tumegusa umbo tu, tena kidogo sana.

Maelezo ya jambo hili yana karibu miaka 200. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyekuwa ametumia miaka akisimamia upimaji wa ardhi ya Hanover, alithibitisha kanuni hii: chukua nukta yoyote juu ya uso, pima mpindo wake kuelekea upande unakopinda zaidi na kuelekea upande unakopinda kidogo kabisa, kisha zidisha vipimo hivyo viwili. Unaweza kuupinda uso huo utakavyo, lakini usipouvuta wala kuuchana, jawabu la kuzidisha halibadiliki kamwe. Karatasi bapa jawabu lake ni sifuri, na litabaki sifuri. Kwa hiyo ukiipinda upande mmoja, upande wa pili unalazimika kubaki mnyoofu. Mfereji wa kidole chenu umeikataza karatasi kuanguka. Ili ianguke, ingebidi ivutike, na karatasi haipendi kuvutika.

Hapo ndipo mekanika inapoingia, na naomba mnisikilize kwa makini, maana yote nitakayosema baadaye yanategemea sentensi hii moja. Nishati inayohitajika kuvuta kitu bapa inalingana na unene wake. Nishati ya kukipinda inalingana na kipeo cha tatu cha unene. Punguza unene nusu: gharama ya kuvuta imebaki nusu, gharama ya kupinda imebaki moja ya nane. Punguza tena, na tena. Kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo kupinda kunavyokuwa rahisi mno kuliko kuvutika. Kitu chembamba kikibanwa, kitatafuta kila njia ya kupinda kabla hakijakubali kuvutika hata kidogo.

Mafundi wa paa wanaijua nusu ya hesabu hii kwa mikono yao. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829. Tuseme una bati la milimita 0.3, na kutoka bonde hadi kilele cha mgongo ni milimita 18. Ukifanya hesabu ya ukinzani wake dhidi ya kupinda, ukalinganisha na bati hilohilo likiwa bapa, unapata takriban mara 5,400. Chuma ni kilekile! Ndiyo maana nchi nzima tunaweza kulala chini ya kitu chembamba namna ile, liwe bati la migongo midogo au la msauzi.

Sasa niwaletee mtu ambaye kazi zake zimenishughulisha kwa muda mrefu. Lakshminarayanan Mahadevan alisoma uhandisi IIT Madras, India, akapata udaktari Stanford, na tangu 2003 yuko Harvard. Ni mwanahisabati tumizi kwa maana kamili: anachukua jambo ambalo kila mtu amelipita njiani, analiuliza swali la kipimo, na halitoki mikononi mwake mpaka litoe kanuni.

Mwaka 2003 yeye na Enrique Cerda wa Chile waliandika kuhusu mikunjo. Chukua kipande cha plastiki laini, kishike ncha mbili, vuta. Hebu tazameni hiki nilicho nacho: mikunjo imejipanga kwa kufuata mstari wa kuvuta, sambamba, kama mtu ameipima kwa rula. Kwa nini ina upana huu? Kwa nini si mikunjo miwili mipana, au mia mbili myembamba? Jibu lao ni mizani. Kupinda kunataka mikunjo mipana, kwa sababu mkunjo mwembamba una mpindo mkali na ni ghali. Mvutano nao unaikataa mikunjo mipana, kwa sababu mkunjo mpana huinuka juu zaidi na kurefusha njia ya plastiki iliyokwisha kukazwa. Pande hizi mbili zinakutana kwenye upana mmoja tu. Unategemea mzizi wa pili wa urefu wa kipande, na unapungua kwa mzizi wa nne wa nguvu ya kuvuta. Maana yake, ukitaka mikunjo ipungue upana kwa nusu, itabidi uvute kwa nguvu mara 16. Jaribuni nyumbani. Mtaona plastiki inakatika kabla hamjafika.

Kazi hiyo ilipewa Ig Nobel mwaka 2007, tuzo ya utafiti unaoanza kwa kuchekesha na kuishia kwa kufikirisha. Mimi naona kicheko kile kilikuwa cha haki kwa dakika moja tu. Kanuni inayopima mkunjo inaweza kugeuzwa: ukiuona mkunjo, unaweza kukadiria nguvu iliyoufanya, bila kugusa kitu. Kwa mtu anayechunguza ngozi, au utando mwembamba usioshikika kwa koleo, hiyo ni zana ya thamani kubwa.

Lakini swali linalonigusa zaidi ni la viumbe vinavyokua. Kukua ni kuongeza urefu, na urefu ukiongezwa sehemu moja kuliko jirani yake, Gauss anadai haki yake. Uko mwani mkubwa wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini ambao kwenye maji ya kasi una majani bapa membamba, na kwenye maji yaliyotulia una majani mapana yenye kingo za mawimbi. Watafiti waliihamisha mimea kutoka maji matulivu kwenda penye kasi, na majani yakaanza kuota bapa. Mwaka 2008 Mahadevan na wenzake walionyesha kwamba inatosha ukingo wa jani ukue haraka kidogo kuliko katikati yake. Mawimbi yanajitokeza yenyewe.

Na utumbo je? Wanaosafisha utumbo wa mbuzi wanaujua ule utando mwembamba unaoushikilia mpaka mgongoni. Wengi huukata na kuutupa. Mwaka 2011 timu ya Mahadevan na mwanabiolojia Clifford Tabin iliushughulikia utando huohuo katika viinitete vya kuku. Waliukata taratibu kutoka kwenye mrija wa utumbo. Mrija, uliokuwa umejizungusha, ukanyooka. Utando nao ukajikusanya, ukawa mdogo. Vitu viwili vilikuwa vinavutana muda wote! Mrija unakua haraka, utando unakua polepole, na kwa kuwa vimeshonwa pamoja, mrija hauna pa kwenda ila kupinda.

Hawakuishia hapo. Walichukua mrija wa mpira, wakaushona kwenye ukingo wa karatasi ya mpira iliyokuwa imevutwa, kisha wakaiachia. Mizunguko ikatokea, ileile. Wakapima unene wa mrija, unene wa utando, ugumu wa kila kimoja na tofauti ya ukuaji, wakaviingiza kwenye kanuni, nayo ikatabiri ukubwa wa mizunguko kwa kuku, kware, ndege wa jamii ya finchi, na panya. Wanyama wanne, kanuni moja. Kila ninaposoma sehemu hiyo nasimama kwanza.

Kuna atakayeuliza: basi jeni hazina kazi? Zina kazi kubwa. Mwaka 2017 kundi hilo lilionyesha kwamba ishara za kikemia za jamii ya protini ziitwazo BMP ndizo zinazodhibiti kasi ya ukuaji wa utando, na kwa njia hiyo idadi ya mizunguko. Lakini hebu tafakarini kazi yenyewe ni ipi. Hakuna jeni inayohitaji kuuelekeza utumbo upinde kushoto hapa na kulia pale. Jeni inaweka kasi na unene. Yanayofuata ni jiometri na mekanika.

Ubongo wa binadamu ni vivyo hivyo, na hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kijusi cha wiki 20 kina ubongo laini, karibu hauna mkunjo. Mwaka 2016 Mahadevan, Tuomo Tallinen wa Finland na wenzao wa Ufaransa walitengeneza ubongo wa jeli kutoka picha za MRI za kijusi cha wiki 22, wakaupaka tabaka jembamba juu, wakautumbukiza kwenye kimiminika kinachoingia ndani ya tabaka hilo na kulivimbisha. Baada ya dakika chache tabaka la juu lilizidi nafasi yake, likaanza kuzama ndani kwa mifereji. Mifereji mikubwa ilifuata njia zinazofanana na za ubongo halisi. Daktari anayeona ubongo wa mtoto uliobaki laini, au wenye mikunjo midogo mingi kupita kiasi, sasa ana swali jipya la kuuliza: unene wa tabaka lile la juu ulikuwaje, na lilikua kwa kasi gani?

Kuhusu upande wa pili wa kazi hii nitapita haraka, muda unanibana. Ukijua ukuaji unazaa umbo gani, unaweza kuanza na umbo unalolitaka na kurudi nyuma. Koryo Miura wa Japani alibuni namna ya kukunja karatasi inayofunguka kwa mvuto mmoja, nayo ikatumika kwenye paneli za sola za chombo cha angani mwaka 1995. Mahadevan na wenzake mwaka 2016 walionyesha jinsi ya kubadilisha pembe za mikunjo hiyo, moja baada ya nyingine, ili karatasi bapa ijifunge kuwa umbo lililopinda unalolichagua. Mwaka huohuo, pamoja na Jennifer Lewis, walichapa maua ya jeli yenye nyuzi za selulosi. Yakiwekwa majini yanajipinda kwa mpangilio uliokokotolewa kabla.

Wanafunzi wa mwaka wa pili, kabla hatujaenda kwenye maswali: plastiki za unene tofauti ziko mezani hapo mbele, pamoja na rula na vibanio. Kanuni inasema unene ukiongezeka mara 4, na plastiki ikivutwa kwa asilimia ileile ya urefu wake, upana wa mkunjo unaongezeka mara 2. Pimeni, mniletee jedwali Jumatatu, na kama namba zenu zitakataa, nileteeni hivyohivyo zilivyo.

Ndiyo, wewe kaka wa mstari wa tatu, uliza.