Ndege ya Hollandia: Mlimani Watu 24, Glaidani Watatu

HAMISI: Zainabu, ndege hii tunayoizungumzia haikuwa hata na kazi ya vita siku ile.

ZAINABU: Matembezi tu, kaka! Jumapili, Mei 13, 1945. C-47 ya jeshi la Marekani inaruka kutoka Hollandia, New Guinea. Leo mji unaitwa Jayapura, nchini Indonesia. Ndani watu 24, tisa kati yao askari wa kike. Wanakwenda kulitazama bonde la Baliem kutoka angani. Rubani ni mkubwa wao, Kanali Peter Prossen.

HAMISI: Ambaye muda mfupi kabla ya ajali hayupo kitini.

ZAINABU: Kamwachia usukani msaidizi, yuko nyuma anapiga soga na abiria. Hapo simtetei. Njia ya kupita milimani ni nyembamba, nawe unapiga soga?

HAMISI: Ikajibamiza mlimani. Walitoka hai watano, wawili wakafariki upesi. Wakabaki Koplo Margaret Hastings, kaungua miguu. Sajenti Kenneth Decker, kaumia vibaya kichwani. Na Luteni John McCollom, hakuumia sana.

ZAINABU: Mwilini. Pacha wake, Robert, alikuwa humohumo. Nafasi mbili za pamoja zilikosekana, Robert akaenda kukaa mbele.

HAMISI: Lo! Na John ndiye aliyewaongoza wenzake kushuka wakifuata kijito, chakula chao peremende.

ZAINABU: Ndege za msako zilipowaona, wakaruka kwa parashuti askari Wafilipino wa jeshi la Marekani, wauguzi wawili wakitangulia. Hawa husahaulika sana. Walirukia mahali ambapo hakuna aliyejua watatokaje.

HAMISI: Si wangetembea?

ZAINABU: Pwani mbali, msitu mnene, na askari wa Japani bado wamo. Kutua kwa C-47 hakuna uwanja. Ikaletwa glaida, ndege isiyo na injini. Inatua, watu wanapanda, kitanzi cha kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye glaida kinatundikwa kwenye nguzo mbili. C-47 inapita chinichini, ndoano yake inanasa kamba, inaondoka na glaida pasipo kusimama.

HAMISI: Mwewe na kifaranga!

ZAINABU: Haswa. Ila ndani ya C-47 kuna winchi, mtambo wa kukunjia waya wa ile ndoano, inayouachia taratibu, maana mshtuko ungeirarua glaida. Juni 28 wale watatu wakanyakuliwa. Na mkosi haukuisha: parashuti iliyokuwa chini uwanjani ikanasa kwenye gurudumu, ikawa inapigapiga tumbo la glaida hadi turubai likachanika, wao wakiwa hewani.

HAMISI: Huku magazeti yanashangilia bonde la "Shangri-La".

ZAINABU: Jina la kubuni, la bonde la raha katika riwaya! Wenyeji walikuwapo na mashamba yao ya viazi vitamu. Wale 21 walizikwa palepale mlimani, viongozi wa dini wakisoma sala kwa redio kutoka kwenye ndege iliyokuwa ikizunguka juu.

HAMISI: Hawakurudishwa kwao?

ZAINABU: Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo Wamarekani walipokwenda kuchukua mabaki.

HAMISI: Zaidi ya miaka kumi! Haya, tusome ujumbe wa wasikilizaji.