Chanda Hakijivishi Pete
(Mhadhara kwa wahudumu wa kujitolea, Masasi)

Wazee wetu, shikamooni. Wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kupita nyumbani, asanteni sana.

Naanza na mtu ambaye baadhi ya wazee waliomo humu walimwona kwa macho. Trevor Huddleston alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akiwatetea watu waliokuwa wakihamishwa kwa nguvu. Juni 1955, katika mkutano mkubwa wa Kliptown, alitunukiwa Isitwalandwe pamoja na Albert Luthuli na Yusuf Dadoo. Neno hilo ni la Kixhosa, nalo lamtaja avaaye manyoya ya ndege adimu, heshima ya mashujaa wa zamani. Waliomvika, watu wa chama cha ANC kilichopinga ubaguzi wa rangi, hawakuwa serikali. Hawakuwa na ikulu wala gwaride, lakini walikuwa na uwezo wa kusema mbele ya watu, "Huyu ni wetu." Baadaye sana Tanzania nayo ilimpa nishani ya Mwenge wa Kilimanjaro, na mwaka 1998, mwaka aliofariki, Uingereza ikamtunuku nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George. Wengi wa daraja lake katika nishani hiyo huitwa "Sir". Yeye hakuitwa hivyo, kwa sababu kasisi wa Kianglikana hagongwi upanga begani, tendo linalompa mtu jina hilo. Alibaki na jina la utumishi wake.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Sisi tukisema nishani tunaona kipande cha madini kifuani. Lakini nishani nyingi za kale zilianza kama mashirika: watu walioshika kanuni moja na kazi moja, kama masista wa Ndanda tunaowajua. Kuvikwa maana yake ilikuwa kuingizwa ndani.

Chukueni Shirika la Mtakatifu Yohane. Chimbuko lake ni hosteli ya mahujaji wagonjwa mjini Yerusalemu, iliyosimamiwa na mtu aitwaye Gerard. Papa aliitambua mwaka 1113. Kanuni yao iliwataka wawaite wagonjwa "mabwana zetu". Neno hilo hunigusa kila ninapolikumbuka, maana nimekaa kwenye mabenchi ya kungojea daktari na najua mgonjwa anavyoitwa. Shirika la Uingereza linalofuata nyayo hizo lilianza kufundisha huduma ya kwanza mwaka 1877, likafungua hospitali ya macho Yerusalemu mwaka 1882, na mwaka 1888 Malkia Victoria akalitunuku hati ya kifalme. Mpaka leo mtu huingia humo akiwa mwanachama wa kawaida, na anaweza kupanda daraja baada ya daraja. Hata akifika juu, haitwi "Sir" kwa ajili hiyo. Na haingii kwa kujiombea: lazima kuwe na mtu aliyeiona kazi yake akampendekeza.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lisikilizeni lile tendo: huvikwa. Chanda hakijivishi. Kama hakuna mkono wa pili, pete itakaa mezani mpaka ipate kutu, na chanda kitaendelea kuchota maji.

Najua mtanijibu kwa methali nyingine, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Ila methali hiyo inamsema mgema anayeuza. Mhudumu wa kujitolea hauzi kitu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotupitia, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga na abiria wakakwama, waliokuwa wakigawa maji na uji kando ya barabara hawakuwa wakitafuta soko. Kuwataja hakuwezi kuwapunguzia wema. Kutowataja kunatupunguzia sisi kumbukumbu.

Mama yangu mdogo alikuwa mkunga wa jadi katika kijiji kimoja cha Newala. Alitembea usiku kwa tochi ya betri mbili, na mara nyingine alimsindikiza mzazi aliyebebwa kwa machela mpaka barabarani. Siku ya mazishi yake nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliandika mistari sita. Mwaka wa kuzaliwa tuliukadiria. Idadi ya watoto aliowapokea hakuna aliyeijua, ingawa nusu ya waliochimba kaburi walizaliwa mikononi mwake. Nilisoma mistari yangu sita, nikakaa. Jambo hilo bado linaniuma.

Chama cha Msalaba Mwekundu nchini kina sheria yake ya Bunge tangu 1962. Taifa lina nishani zake. Kimataifa iko medali ya Florence Nightingale, iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya wauguzi. Milango ipo. Kinachokosekana kwetu Kusini mara nyingi ni karatasi inayoeleza nani, alifanya nini, wapi, kwa muda gani, na nani aliona. "Ni mtu mzuri sana" haitoshi. Andikeni kijiji, mwaka, kazi yenyewe.

Pale mlangoni kuna daftari na kalamu mbili. Kabla ya kwenda kula, kila mmoja aandike jina la mtu mmoja aliye hai na kitu kimoja alichomwona akikifanya. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi kwa wazee, kwa sababu nyinyi mmeona mengi.