Fedha Iende Kwenye Vitu Vidogo
Mhadhara kwa mafundi seremala wanaotaka kuanza kukereza kalamu za mbao, Mafinga

Kamwene! Wazee wangu shikamooni. Vijana, karibuni mbele, huko nyuma hamtaona kitu.

Najua swali lililowaleta hapa ni moja: mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mbao ili uinyoe kwa patasi, ni shilingi ngapi? Nitalipita haraka, kwa sababu kalamu nyingi haziharibikii kwenye mashine. Zinaharibikia kwenye vitu vidogo ambavyo mtu hakuvitengea hela, kwa kuwa zote zilikwisha kwenye mashine.

Kalamu ina urefu wa sentimita 13 hivi na unene wa kidole. Haitaki mashine ya kukerezea miguu ya vitanda. Mashine ndogo ya mezani yenye mota ya nusu hospawa inatosha kabisa. Hata ya kuunga mwenyewe inafaa: mota nyingi tunazozipata kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Weka puli kubwa kwenye mota, na kwenye mashine weka puli ya nusu yake, utapata karibu 2,900. Mwendo kati ya 2,000 na 3,000 ndio wa kalamu. Mkanda ufunikwe, tafadhali, watoto wanapita karakana.

Ukienda kununua, iwe mpya au mtumba, sogeza mkia wa mashine, yaani ule upande unaoteleza, mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwani, upande unaozungushwa na mota. Zikipishana hata kwa unene wa ukucha, mwachie mwenyewe mashine yake. Halafu tazama tundu la kichwani: likiwa la koni ya Morse namba 2, yaani tundu linalokwenda likipungua kwa kipimo maalumu, umepona, vifaa vingi vya kalamu vinaingia humo.

Sasa tuje kwenye mandreli. Hii hapa, ipitisheni mkono kwa mkono. Ni nondo nyembamba iliyonyooka. Vipande viwili vya kalamu vinavishwa juu yake kama mshikaki. Hivi vipete vya chuma vinavyokaa kati na pembeni ndizo bushi. Bushi ina unene uleule wa chuma cha kalamu kitakachokaa pale, kwa hiyo unakereza mbao mpaka ikaribie kulingana nayo, kisha msasa unamalizia. Kila aina ya kalamu ina bushi zake. Mwanzoni shikeni aina moja tu, ile nyembamba ya milimita 7, yaani unene wa mrija wa shaba unaogundishwa ndani ya mbao, mpaka mikono izoee. Seti za vipuri vyake huagizwa. Agizeni kwa pamoja, usafiri utapungua.

Ugonjwa mkubwa uko hapa. Mbao inateleza kwenye mandreli, fundi anachukua spana na kukaza nati ya mwisho wa mandreli. Au anausukuma mkia kwa nguvu zote. Nondo nyembamba hivi ikibanwa kutoka ncha mbili inapinda katikati, na kwa macho huoni. Kalamu inatoka yai: upande huu mbao imezidi chuma, ukiigeuza, chuma kimezidi mbao. Hapo patasi inalaumiwa bure. Kazeni nati kwa vidole tu. Na ncha ya mkia iwe ile yenye beringi, inayozunguka pamoja na kazi, tena iliyochongwa kwa nyuzi 60, kwa sababu kitundu cha mwisho wa mandreli kimetobolewa kwa pembe hiyohiyo. Ncha ya pembe nyingine itacheza humo ndani.

Kutoboa. Kipande kiwe na unene wa sentimita 2 kila upande, kizidi mrija wa shaba kwa milimita 2 au 3. Kama huna keekee ya kusimama, tumia mashine yenyewe: mbao inazunguka kichwani, biti ya keekee imeshikwa mkiani. Ingiza kidogo, toa, safisha unga, rudia. Ukilazimisha, joto linapasua mbao kwa ndani. Mrija uparuze kwa msasa kwanza ndipo upake gundi. Supagluu inafaa, epoksi inakupa muda. Ikishakauka, ncha za mbao zisawazishwe zikae nyuzi 90 kamili na mrija kwa kile kikataji chenye mhimili unaoingia ndani ya mrija. Ukiruka hatua hii, kati ya mbao na pete ya kalamu patabaki mwanya, na mteja ataupapasa kwa ukucha kabla hajauliza bei.

Patasi tatu zinatosha: ya mfereji ya kuondolea kona, ya mfereji nyembamba, na ya mkato wa mshazari. Wengi hapa mnafua patasi kutoka springi za gari, na kazi zinafanya. Ila kwenye grenda msiache makali yageuke bluu, maana chuma hicho kikiungua kinalainika. Patasi ya haispidi, chuma kinachostahimili joto, haina shida hiyo. Anayeniambia ana hela ya mashine lakini hana ya grenda, namwambia asubiri kwanza. Patasi butu hainyoi mbao, inaing'oa.

Msasa, namba 150 mpaka 600. Nta au vanishi. Kuunganisha vipuri, jiliwa lenye vibao viwili mdomoni linatosha, mashine maalumu ya kubania si lazima.

Ngao ya uso na barakoa si mapambo. Vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa dunia kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa, tangu miaka ya 1990.

Mzee ameuliza kuhusu mbao. Misindano ya Sao Hill ni laini mno kwa kalamu, iache iende kwenye mapaa. Chukueni mabaki ya mninga, au mashina ya mikahawa iliyong'olewa kule Mbozi, magumu na yana rangi nzuri. Mpingo ni mtamu kukereza, lakini tangu Januari 2017 jamii yake yote iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo anayetaka kuuza nje aulizie vibali mapema. Na iwe mbao yoyote, ikauke. Kwa ukungu wetu huu inachukua muda. Mbao mbichi itasinyaa, shaba haitasinyaa, na kalamu itapasuka mfukoni mwa mteja.

Haya, kunjeni mikono ya mashati, njooni watatu watatu. Tunaanza na grenda.